Siku Saba Nyuma ya William Marshal na Binti Zake Watano

Siku ya kwanza, Jumamosi. Hamstead Marshall

Tumeondoka Caversham, anakoishi binti yangu, saa tatu asubuhi kwa gari la mkwe wangu: yeye, binti yangu, mimi, na mjukuu wangu aliyetimiza miaka mitano mwezi uliopita. Umri huo ndio ulionifanya nimwombe mama yake tumchukue. William Marshal, mpiganaji wa Uingereza wa karne ya 12 ninayemfuata wiki hii, alikuwa na umri kama huo baba yake alipomweka rehani.

Hamstead Marshall ni kijiji kidogo karibu na Newbury, magharibi ya London. Jirani na kanisa kuna vilima vya udongo vilivyoota miti mpaka juu. Ukivitazama haraka utadhani ni vilima vya Mungu, kumbe ni kazi ya mikono ya watu, na juu yake paliwahi kusimama ngome. Karibu yake ziko nguzo ndefu za malango ya jumba la karne nyingi baadaye, lililoungua mwaka 1718. Malango yamebaki, nyumba haipo. Kumbukumbu ya watu ninaowafuata imebaki kwenye jina la kijiji. Marshal kilikuwa cheo cha msimamizi wa farasi wa mfalme, na familia hii ilikishika hadi kikageuka jina lao.

John Marshal, baba yake William, alikuwa mtu wa moyo mgumu. Mwaka 1141, katika vita vya Mfalme Stephen na binamu yake Matilda waliogombea taji la Uingereza, alijificha kwenye kanisa la watawa wa Wherwell. Adui wakalitia moto. Madini ya risasi yaliyoezekea paa yakayeyuka na kumdondokea usoni, jicho moja likaenda, naye akakaa kimya mpaka walipoondoka wakiamini amekufa.

Mwaka 1152 Stephen akaizingira ngome ya John hapa Newbury, na wengi wanaamini ni kwenye vilima hivi. John akaomba siku chache za kusimamisha vita ili apate ruhusa ya Matilda kuikabidhi ngome. Stephen akataka rehani, John akamtoa William. Siku zile za amani akazitumia kujaza chakula na wapiganaji ndani. Mfalme alipomtumia ujumbe kwamba mtoto atanyongwa, baba akajibu kwamba bado anazo nyundo na fuawe za kufulia wana wengine walio bora kuliko huyo.

Nimefundisha historia Morogoro miaka 31, na jibu hilo bado linanikaa kooni.

Mtoto akapelekwa kunyongwa. Njiani akaona mkuki mzuri mkononi mwa bwana mmoja, akamwomba auchezee. Hakujua anakopelekwa. Stephen akashindwa. Akamchukua mikononi, akamrudisha kambini, na siku moja wakaonekana wawili hao ndani ya hema la mfalme, lililotandikwa majani na maua, wakicheza mchezo wa kugonganisha mabua yenye vichwa: kichwa kikikatika, umeshindwa. Mtoto akamshinda mfalme.

Mabua hayo yapo hadi leo kando ya njia, yana kichwa cheusi kama kirungu kidogo. Nimeyachuma na mjukuu wangu tukacheza. Amenikatia vichwa vinne.

“Bibi, mfalme alilia?”

“Hapana, alicheka.”

Amechoka kabla ya kufika kwenye gari, baba yake akambeba mabegani, mguu huku mguu kule.

Siku ya pili, Jumapili. Njiani kwenda Pembroke

Siku ya treni. Nimeaga mapema na kikapu cha maandazi na chupa ya chai. Kituo kimoja njiani treni ya kuunganisha imefutwa, hakuna aliyetueleza kitu, tukakaa kwenye benchi la chuma karibu saa mbili upepo ukituchapa. Nimefika Pembroke, Wales, giza limeingia.

Saa hizo mbili nimezitumia kurudia ujana wake. Baba alipofariki mwaka 1165 William hakurithi kitu, maana kaka zake walikuwa mbele yake. Alilelewa Tancarville, Normandy, kwa ndugu wa mama yake, huko akafunzwa upanga na farasi. Mwaka 1168 akiwa Poitou mjomba wake, Patrick wa Salisbury, akauawa mbele yake kwa kuvizia; William akapigana peke yake, akajeruhiwa pajani, akatekwa. Aliyemkomboa kwa fedha zake ni Malkia Eleanor, mke wa Mfalme Henry wa Pili. Baadaye akawa mlezi wa mwana wa mfalme huyo, Henry Kijana, na kwa miaka mingi walizunguka Ufaransa kwenye mashindano ya kupigana juu ya farasi, ambako aliyeshindwa alitoa farasi na vifaa vyake. Alipokuwa mzee alisema aliteka wapiganaji 500. Kijana yule alipofariki mwaka 1183, William alichukua joho lake lenye msalaba akalifikisha Yerusalemu, kama alivyoahidi. Huko akanunua vitambaa vya hariri na kuvificha. Nitavirudia.

Haya tunayajua kwa sababu mwanawe mkubwa aliligharamia shairi la maisha ya baba, mistari zaidi ya 19,000 kwa Kifaransa cha zamani. Likapotea mpaka mwaka 1861, msomi Paul Meyer alipoliona kwenye mnada London. Nakala ni hiyo moja tu, sasa iko New York.

Siku ya tatu, Jumatatu. Pembroke

Maji yanaizunguka ngome pande tatu. Nimeizunguka asubuhi kwa njia ya chini, bata wakiogelea, kuta zikining'inia juu yangu, halafu nikaingia.

Mnara mkubwa ni wa William mwenyewe. Ni wa mviringo, una urefu wa zaidi ya mita 20, na kuta zake chini zina unene wa karibu mita 6. Ukisimama ndani na kuinua macho, sakafu za mbao hazipo tena, unaona moja kwa moja mpaka kwenye kuba la mawe lililofunika juu. Nimesimama hapo shingo imeuma. Ngazi za kuzunguka nimezipanda polepole, mkono ukutani. Jiwe limelika katikati kwa miguu ya watu, na lina ubaridi kama chungu cha maji.

Mnara ni wa William, lakini ardhi hii ilimfikia kwa mkono wa mkewe, nami nimekuja kwa ajili ya mke huyo.

Isabel de Clare alikuwa binti wa Richard de Clare, aliyeitwa Strongbow, na Aoife, binti wa mfalme wa Leinster huko Ireland. Baba akafariki, kaka yake mdogo akafariki, Isabel akabaki mrithi wa kila kitu: Chepstow na Usk mpakani mwa Wales, Leinster, na dai la Pembroke. Yatima mwenye ardhi alikuwa chini ya ulezi wa mfalme, na mfalme ndiye aliyeamua nani amwoe. Mwaka 1189 Mfalme Richard akampa William. Bibi harusi alikuwa na miaka kama 17, bwana harusi amevuka 40. Pembroke yenyewe aliipata mwaka 1199, Mfalme John alipompa cheo cha Earl, bwana mkubwa wa eneo.

Angeweza kuwa mke wa kukaa kimya. Mwaka 1207 William na mfalme walikuwa wamekosana, na William akaitwa kutoka Ireland. Isabel alikuwa mjamzito, na adui walikuwa wakingoja mlangoni. Pale Kilkenny William akawakusanya watu wake, akamshika mkewe mkono, akawaambia: huyu ndiye bibi yenu kwa kuzaliwa, binti wa yule aliyewapa ardhi baba zenu; mimi hapa sina kitu ila kupitia kwake. Akamwacha. Wakati wa baridi Mfalme John akamdanganya William kwamba watu wake Ireland wameuawa. Baadaye ukweli ukaja: Isabel na watu wake walikuwa wameshinda.

Mimi ni Mluguru. Kwetu ukoo hupita kwa mama, na shamba nililolima utotoni lilikuwa la ukoo wa mama yangu. Baba aliliita “shamba la kina mama yenu” bila kuona aibu. Kwa hiyo maneno ya Kilkenny niliposoma mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Mwanamume mwenye panga linaloogopwa Ulaya nzima anasimama mbele ya watu wake na kusema mimi hapa sina kitu ila kupitia kwake.

Siku ya nne, Jumanne. Chepstow

Treni nyingine, ndefu, safari hii bila mkasa. Chepstow iko mpakani kabisa: ngome iko upande wa Wales juu ya jabali, na ng'ambo ya mto Wye ni Uingereza. Maji yalikuwa yamekupwa, matope yanang'aa kama ngozi ya kambare. Wakati wa kujaa, bahari huupandisha mto huu kwa mita nyingi, na zamani vyombo vilileta mizigo mpaka chini ya ukuta.

Nilichokitaka ni milango. Milango miwili ya mwaloni iliyotundikwa kwenye lango kuu enzi za William, na ikabaki pale pale ikifunguliwa na kufungwa mpaka mwaka 1962. Sasa imewekwa ndani, mvua isiifikie. Wataalamu wamezihesabu pete za umri wa mti na kuona ni ya kabla ya miaka ya 1190 kwisha. Hakuna milango ya ngome Ulaya inayojulikana kuwa ya zamani kuliko hii. Upande wa nje umevikwa mabamba ya chuma. Upande wa ndani ndio wa kutazama: mbao zimepishana kama mkeka wa kusuka, zimeunganishwa kwa ulimi na tundu. Mzee wangu alikuwa seremala. Nimeitazama kwa macho yake: fundi hakuwa na haraka.

Milango hii ilifunguka watoto kumi wakipita. Wavulana William, Richard, Gilbert, Walter na Anselm. Wasichana Matilda, Isabel, Sibyl, Eva na Joan.

Hapa kuna jambo linalonitesa. William aliyewekwa rehani akiwa na miaka mitano, naye aliwatoa wanawe. Mfalme John alimtaka mkubwa, akamtoa. Alipoomba ruhusa ya kwenda Ireland mwaka 1207, mfalme akataka na wa pili, Richard. Isabel alikataa, na washauri hawakupenda, lakini William akamtoa. Walirudi mwaka 1212. Wapo wanaosema ndiyo ilikuwa njia ya kuokoa ukoo, na huenda wana haki. Mimi namsikiliza Isabel.

Kijana mkubwa hakusahau. Mwaka 1215 mabaroni, wakuu wenye ardhi, walipomlazimisha John kukubali Magna Carta, hati ya kuwekea mipaka mamlaka ya mfalme, pale Runnymede, jina la William mzee lilikuwa la kwanza kati ya mabaroni waliotajwa upande wa mfalme, na mwanawe alikuwa miongoni mwa 25 waliochaguliwa kumsimamia mfalme huyo asiivunje. Baba huku, mwana kule.

Mwaka uliofuata John akafariki, akaacha mtoto wa miaka tisa, Henry, na nusu ya nchi ikiwa mikononi mwa mwana wa mfalme wa Ufaransa. William alikuwa na miaka karibu 70. Alisema hata wote wakimwacha mtoto, yeye atambeba mabegani, mguu huku mguu kule, kutoka kisiwa hadi kisiwa, hata kwa kuombaomba mkate. Akamlinda. Mwaka 1217 mzee mwenyewe akaongoza mashambulizi Lincoln, akitaka kuondoka mbio mpaka akakumbushwa kuvaa kofia yake ya chuma. Mwanawe mkubwa alikuwa ubavuni pake, amerudi. Magna Carta, ambayo Papa alikuwa ameifuta, ikatolewa upya mwaka 1216 ikiwa na muhuri wa William, kwa kuwa mfalme mtoto hakuwa na wake.

Siku ya tano, Jumatano. Tintern

Basi kutoka Chepstow linapita msituni kufuata mto, halafu bonde linafunguka na abasia, kanisa la watawa, imesimama bila paa. Ndani ni nyasi zilizokatwa vizuri, na madirisha makubwa yasiyo na vioo yanayoingiza vilima.

Isabel alifariki mwaka 1220, mwaka mmoja baada ya mumewe, akazikwa hapa. Nimezunguka kanisani nikimsalimia kimoyomoyo, sikuona haja ya kujua ni nyasi ipi.

Wavulana wote watano walirithi kwa zamu, na wote wakafariki bila kuacha mrithi. William mwaka 1231. Richard mwaka 1234, kwa majeraha ya mapigano Ireland. Gilbert mwaka 1241, hatamu za farasi zilikatika kwenye mashindano, akaburutwa mguu ukiwa umenasa. Walter na Anselm wakapishana kwa wiki chache mwishoni mwa 1245, na wote wawili wamezikwa hapa kwa mama yao. Watu wa wakati ule walisema ni laana ya Askofu wa Ferns, Ireland, ambaye William alimnyang'anya mashamba mawili. Mfalme Henry alimwomba askofu aifute, askofu akataka kwanza mashamba, wana wakakataa. Mtawa Matthew Paris ndiye aliyeiandika habari hiyo. Sioni laana kuwa sababu ya vifo hivyo, lakini mashamba yalichukuliwa, na nafasi ya kuyarudisha ilikuwepo.

Sheria yao ilimpa mwana wa kwanza kila kitu. Lakini wana wakiisha, mabinti hugawana sawa. Basi ardhi yote ile, Wales, Ireland na Uingereza, ikagawanywa mafungu matano, na pale ambapo binti alikuwa ameshafariki, fungu lilikwenda kwa watoto wake. Matilda, mkubwa, akapewa Chepstow na cheo cha Marshal. Alipofariki mwaka 1248 akaletwa hapa Tintern, jeneza lake likibebwa na wanawe wanne. Na kanisa hili ninalolitazama, na madirisha yake, lilijengwa upya chini ya ufadhili wa mjukuu wake, Roger Bigod.

Jioni treni mpaka Reading.

Siku ya sita, Alhamisi. Caversham

Leo nimetembea kwa miguu tu, kutoka nyumbani kwa binti yangu hadi kando ya mto Thames. Kwa miaka mitatu nimekuja kumsaidia na mtoto, nikapita hapa na mifuko ya soko, bila kujua.

Mwanzoni mwa 1219 William aliugua London. Akaomba apelekwe nyumbani Caversham, akapandishwa mto kwa mashua, mkewe akifuatana naye. Hapa akaumwa wiki kadhaa, na shairi linasimulia siku hizo kwa namna ambayo mtu aliyewahi kuuguza atazitambua. Mwanawe alipanga zamu za kukesha. Chakula kilikuwa kidogo, mkate laini uliovunjwavunjwa. Karani mmoja akapendekeza majoho mazuri yaliyomo ghalani yauzwe kwa ajili ya roho yake. Mzee akakasirika, akasema Pentekoste inakaribia, watu wake watavaa majoho yao kama kila mwaka. Akagawa mali. Kwa Anselm, kitinda mimba wa wavulana, mzee alitaka asimpe ardhi, ajitafutie kama yeye alivyojitafutia. Rafiki yake John wa Earley akamsihi, mzee akakubali.

Akaleta vile vitambaa vya hariri vya Yerusalemu, alivyovitunza miaka 30 bila kumwambia mtu. Mwanawe akaambiwa avifunike jeneza, na mvua ikinyesha aweke juu yake kitambaa cha kawaida visiharibike. Alikuwa pia ameahidi kujiunga na watawa wapiganaji wa Hekalu, na watawa hawakumbatii wake zao. Kwa hiyo kabla ya kuvikwa joho jeupe akamwita Isabel: mpenzi wangu, nibusu sasa, maana hutanibusu tena. Wakalia wote wawili, na waliokuwepo wakalia.

Siku moja akasema ana hamu ya kuimba, hajawahi kuwa na hamu hiyo kwa miaka mingi, ila anaona haya watu watadhani amerukwa na akili. Wakaitwa mabinti. Matilda akaimba kwanza, ingawa machozi yalikuwa karibu. Kisha Joan, mdogo, ambaye baba alikuwa na wasiwasi kwa kuwa hajaolewa bado. Joan akaimba ubeti mmoja kwa sauti ya woga. Baba akamwambia usiwe na aibu ukiimba, hivyo hutaimba vizuri, akamwonyesha namna ya kuyatoa maneno.

Nimekaa kwenye benchi, mto unapita pole, bata maji wanagombana. Niliwahi kumuuguza baba yangu Matombo, naye siku za mwisho alinisahihisha namna ya kufunga mzigo wa ndizi.

Alifariki tarehe 14 Mei 1219. Mwili ukavushwa mto hadi abasia ya Reading, ambayo magofu yake yako nyuma ya barabara za maduka. Nimepita kule kurudi nyumbani.

Siku ya saba, Ijumaa. London

Kanisa la Hekalu liko nyuma ya mtaa wa Fleet, ndani ya nyua za mawakili. Sehemu yake ya kale ni ya mviringo, iliwekwa wakfu mwaka 1185 na Heraclius, Patriarki wa Yerusalemu. Sakafuni wamelala watu wa mawe wenye ngao. Mabomu ya Mei 1941 yaliangusha paa juu yao, na nyuso zao zinaonyesha. William yupo, na wawili wanaosemwa kuwa wanawe William na Gilbert wako karibu naye. Siku ya kumzika, Askofu Mkuu Stephen Langton alisema hapa analazwa shujaa bora kuliko wote duniani.

Nimeketi kwenye kibaraza cha mawe kinachozunguka ukuta, nikatoa daftari. Matilda: kwake kilipita cheo cha Marshal kwenda ukoo wa Bigod, na baada ya vizazi vingi na mikono mingi kikafika kwa Duke wa Norfolk, ambaye Mei 2023 ndiye aliyesimamia kutawazwa kwa Mfalme Charles. Isabel: kitukuu chake ni Robert Bruce, mfalme wa Scotland. Sibyl: mabinti saba. Eva: mumewe William de Braose alinyongwa na Llywelyn wa Wales mwaka 1230, akabaki na mabinti wanne. Joan, aliyeogopa kuimba: kupitia binti yake, Pembroke ikaenda kwa familia ya Valence. Nikaongeza juu kabisa: Aoife, halafu Isabel. Ukurasa ukajaa.

Nimefika nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Mjukuu wangu amenisubiri mlangoni. Mabua ya Jumamosi aliyaweka kwenye glasi ya maji dirishani, yamelegea kidogo, vichwa bado vipo. Amechagua lake, akanipa langu.

“Bibi, leo wewe ndiye mfalme.”